Kusomea farmasi inje ya Congo: angalia kwanza karatasi utakayorudi nayo

“Mutoto yangu amepata diploma, anapenda kuenda kusomea farmasi ku Uganda. Iko bei gani?”

Kila mwaka, matokeo ya Exetat yakitoka, swali hili linarudi. Ni swali la haki, maana makuta ya masomo hayatoki mbali: ni ngombe iliyouzwa Masisi, ni kiwanja cha Butembo, ni likelemba ya mama wa soko. Lakini kuna swali lingine linalolitangulia, na wazazi wengi wanakutana nalo wakiwa wamekwisha kulipa: siku mtoto atarudi, karatasi yake itakuwa na jina gani, na nani ataitambua?

Neno “farmasi” ni moja, masomo yaliyo nyuma yake ni mbalimbali. Tuchukue India, ambako vijana wa Congo wamekuwa wakienda kwa miaka mingi. Huko kuna masomo matatu yenye jina hilo. D.Pharm ni ya miaka 2, na staji fupi baadaye. B.Pharm ni ya miaka 4. Pharm.D, iliyoanzishwa 2008, ni ya miaka 6, na mwaka wa mwisho wote ni wa staji hospitalini. Mtu wa D.Pharm anaweza kuandikishwa huko India na kuitwa mfamasia, akasimama nyuma ya meza ya duka la dawa kwa haki zote. Kwetu mambo ni tofauti. Huku tuna wasaidizi wa farmasi wanaotoka ITM, tuna waliosoma ku ISTM, kisha tuna pharmacien mwenyewe, aliyepita kitivo cha chuo kikuu na kumaliza daraja la pili la masomo. Kijana anayerudi na D.Pharm ya miaka 2 akidhani ni pharmacien, anakuta kwamba huku kazi yake inahesabiwa kama ya msaidizi. Hakudanganywa na India. Aliyemwuzia safari ndiye hakumweleza.

Tangu 1991 nchi yetu ina Ordre des Pharmaciens, na mfamasia sherti aandikwe kwenye orodha yake kabla ya kuanza kazi. Utasema: lakini famasi ngapi za hapa kwetu zinafunguliwa na watu ambao hawajaingia hata siku moja mu labo ya chimie? Ni kweli, tunaziona kila kona. Lakini hiyo ndiyo sababu familia inatuma mtoto mbali: ili apatikane mtu mmoja anayejua kwa nini kidonge hiki hakipewi mama mwenye mimba, na kwa nini sindano ile haiwekwi juani.

Miaka minne kwao, na hesabu ya kwetu

Vyuo vingi vinavyotumia Kiingereza karibu nasi vinatoa Bachelor of Pharmacy. Uganda, Tanzania na Rwanda ni miaka 4. Ku Nairobi ni miaka 5. Sasa Congo, tangu mwaka wa masomo 2021-2022, imeingia mu mfumo wa LMD: licence ni miaka 3, master ni miaka 2 juu yake. Bachelor ya miaka 4 inaanguka katikati. Imezidi licence, haijafika master. Nani atakata shauri kwamba inafaa kwa pharmacien? Si chuo cha Uganda, wala si mkuu wa kitivo cha Bukavu. Ni wizara ya elimu ya juu (ESU) kule Kinshasa, inayotoa ekivalansi ya diploma za inje. Kwa hiyo mzazi mwenye akili anauliza huko kabla ya safari, kwa maandishi, akitaja jina la chuo na jina kamili la masomo. Jibu la mdomo la rafiki aliye Kinshasa halitoshi.

Kuna jambo la pili, na hili linaangusha wengi kuliko la kwanza. Kwa majirani zetu, diploma ya chuo peke yake haimfanyi mtu kuwa mfamasia. Baada ya Bachelor kunafuata mwaka mmoja wa staji, kwenye hospitali au mahali pengine panapokubaliwa, chini ya mfamasia aliyeandikwa. Kisha ndipo baraza la wafamasia la nchi ile linamwandika kwenye orodha na kumpa cheti. Wanafunzi wetu wengi, wakisha kupata diploma, wanapanda basi kurudi nyumbani. Familia imechoka kulipa, mama anamsubiri, kofia ya graduasyo iko mu sanduku. Hapo ameacha kipande cha mwisho cha kazi. Ana karatasi inayosema alisoma farmasi, hana karatasi inayosema ni mfamasia. Siku akitaka kuandikwa Kinshasa, au kupata kazi ku shirika la kimataifa, wa kwanza kuulizwa ni ule mwaka wa staji.

Basi ukihesabu, usihesabu miaka 4. Hesabu 5. Na uliza mapema kama mwanafunzi mgeni anapewa nafasi ya staji kama raia, na kama wakati wa staji analipwa kitu au anajilisha mwenyewe. Majibu yanabadilika kulingana na nchi na mwaka.

Kama shabaha yako ni kufungua famasi Bukavu au kufanya kazi ku hospitali ya Kisangani, usicheke vyuo vya nyumbani. Université Officielle de Bukavu na Université de Kisangani vina vitivo vya médecine na pharmacie. Kinshasa na Lubumbashi vilevile. Labo zinaweza kuwa na mapungufu, lakini diploma ya huko haina safari ya ekivalansi. Kwenda inje kunafaa zaidi kwa anayetaka Kiingereza, anayetaka kazi ku mashirika au viwanda vya dawa vya ukanda huu, au aliyepata bursi.

Uganda, njia ya wengi

Mtu wa Beni au Butembo anavuka Kasindi, anafika Mpondwe, anapita wilaya ya Kasese, na kabla ya jua kuzama anaweza kuwa Ishaka, wilaya ya Bushenyi. Pale ndipo ilipo kampasi ya magharibi ya Kampala International University, ambako farmasi inafundishwa pamoja na médecine. Mtu wa Rutshuru anapita Bunagana, Kisoro, Kabale, hadi Mbarara, ambako kuna chuo cha serikali cha Mbarara University of Science and Technology. Mbali zaidi, mu Kampala, kuna Makerere. Ukaribu huu ndio unaofanya Uganda iwe njia ya wengi: mzazi anaweza kwenda kuona, na mtoto akiugua si lazima kutafuta ndege.

Lakini shule ya Uganda haihesabiwi kama yetu. Mtoto wa Uganda anasoma primary miaka 7 na sekondari miaka 6: jumla 13. Wetu anasoma 12. Kwa hiyo diploma ya Serikali inapelekwa kwanza UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ili ilinganishwe na diploma ya kwao. Karatasi hiyo ya ulinganisho ndiyo inayofungua mlango. Wengine wanaingia moja kwa moja, wengine wanaambiwa wafanye kwanza mwaka wa kuandaliwa. Anayekuambia “usijali, utaingia tu, UNEB tutaangalia baadaye” anataka minerval yako ya muhula wa kwanza. Mwanafunzi anaweza kusoma mwaka mzima kisha akaambiwa hayumo kwenye orodha, sababu karatasi hiyo haikuletwa.

Sehemu aliyosomea sekondari ina uzito. Aliyetoka bio-chimie ana nafasi nzuri. Aliyetoka pédagogie au commerciale, hata kwa asilimia 70, atapata taabu, maana farmasi inaomba chimie na biolojia, na pia fizikia au hesabu.

Kisha kibali. Chuo kuwa na kibali ni jambo moja, masomo ya farmasi ndani ya chuo hicho kuwa na kibali ni jambo lingine. Uganda inayefuatilia ni NCHE, Tanzania ni TCU, Rwanda ni HEC, Kenya ni CUE, na India kwa farmasi ni Pharmacy Council of India. Kila masomo yanapewa kibali chake, na kibali kina muda, kinaweza kuisha. Ofisi hizi zina orodha kwenye intaneti. Tafuta jina la masomo, usiridhike na jina la chuo.

Tanzania na Rwanda tuseme kwa ufupi. Dar es Salaam kuna Muhimbili (MUHAS), chuo cha afya chenye jina kubwa, na nafasi zake zinagombaniwa. Vijana wa Uvira, Kalemie na Fizi wanafikiri kwamba kwa kuwa Tanzania ni nchi ya Kiswahili, watasoma kwa Kiswahili. Hapana, chuo kikuu ni Kiingereza. Kiswahili kitakusaidia sokoni, na wodini ukizungumza na wagonjwa. Diploma yetu inalinganishwa na NECTA. Rwanda nayo chuo kikuu kinafundisha kwa Kiingereza, na sekondari yao ni ya hesabu kama yetu, 6 na 6.

Asiyetaka kuacha Kifaransa anaangalia upande mwingine. Morocco, Tunisia na Senegal wanasomesha farmasi kwa Kifaransa, miaka 6, na mwisho mtu anatoka na diploma ya daktari wa farmasi. Diploma hiyo inaeleweka kirahisi zaidi Kinshasa, kwa sababu imejengwa kwa mtindo tunaoujua. Algeria na Morocco zinatoa bursi kwa nchi za Afrika. Kwa Morocco zinapitia shirika lao la AMCI. Ubelgiji ni miaka 5. Ufaransa ni 6, na mwaka wa kwanza una mchujo unaowaangusha hata Wafaransa wengi. Urusi na Uturuki ni miaka 5, lakini ongeza mwaka mmoja wa kujifunza lugha yao.

Kwa anayekwenda India: karatasi ya chanjo ya homa ya manjano inaombwa kwa wanaotoka Congo, na chanjo inaanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano. Usichanjwe siku ya mwisho kabla ya ndege. Ukifika, mwenye viza ya masomo ya muda mrefu anajiandikisha ku ofisi ya wageni (FRRO) ndani ya siku 14. Na viza ya mwanafunzi hairuhusu kufanya kazi, hivyo ile hesabu ya “atajitafutia kidogo kidogo huko” ifutwe.

Koma na nukta

Wazazi wanaogopa Kiingereza cha kuongea. Hicho kinakuja, miezi sita mtoto anaongea. Kinachochelewa ni Kiingereza cha labo. Yule aliyejifunza azote anakutana na nitrogen, na ni kitu kilekile. Majina ya dawa yenyewe si tatizo sana: tangu 1953 Shirika la Afya Duniani linatoa majina ya pamoja, ndiyo maana amoxicilline na amoxicillin zinafanana, na paracétamol inabaki paracetamol. Ila ukienda Marekani au Canada utaikuta inaitwa acetaminophen, na adrenaline wanaiita epinephrine.

Hatari iko kwenye hesabu. Sisi, kwa mtindo wa Kifaransa, tunaandika nusu gramu 0,5. Wao wanaandika 0.5. Hapo hakuna shida. Lakini wao wanatumia koma kutenganisha elfu: 1,250 mg kwao ni miligramu elfu moja mia mbili na hamsini. Kwa macho ya mtu aliyesoma Goma au Bunia, 1,250 ni moja na robo. Dozi moja imezidi nyingine mara elfu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayefanya kosa hili mu mtihani anapoteza alama. Mfamasia anayelifanya hospitalini, tuache. Na hatari hiyo inasafiri pande mbili: anayerudi na mazoea ya Kiingereza, akiandika kwenye daftari la depo ya dawa la Kifaransa, anaweza kumpotosha mwenzake. Mwambie mtoto achukue tabia hii tangu siku ya kwanza: elfu iandikwe pashipo koma, 1250, na kipimo kiandikwe kila mara.

Masomo yenyewe ni chimie nyingi kuliko watu wanavyodhani. Anayependa farmasi kwa sababu anaogopa damu ya médecine, ajue anabadilisha damu kwa chimie organique. Mwanzoni ni chimie, anatomia, na jinsi mwili unavyofanya kazi. Kisha kutengeneza dawa, vidudu, na namna dawa inavyotenda na inavyotoka mwilini. Mwishoni ni sumu, sheria za dawa, na kazi ya wodini. Kuna pia somo la dawa zinazotoka kwenye mimea, na hapo mtoto wa Kivu ana la kusema darasani: Bukavu kuna kiwanda cha Pharmakina, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikitoa kinini kwenye maganda ya miti ya quinquina iliyopandwa huku kwetu. Wachache mu darasa la Kampala wamekwisha kuuona mti huo.

Makuta na karatasi

Bei tunazosikia kwenye simu mara nyingi ni ya minerval tu. Uliza kila kitu kwa maandishi: makuta ya kujiandikisha, ya mitihani, ya maktaba na labo, ya chama cha wanafunzi, kibali cha kukaa cha mwanafunzi, bima, nyumba, vazi jeupe, na usafiri wakati wa staji. Uliza kama bei iko kwa dola au kwa pesa ya nchi, na kama inaweza kupanda kabla mtoto hajamaliza. Vyuo vingi vina bei mbili, ya raia na ya mgeni. Congo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na vyuo kadhaa vya ukanda vina bei ya wanafunzi wa Jumuiya. Si vyote, na wakati mwingine mtu wa ofisi hakumbuki kwamba Congo imo. Mwulize wazi: “Je, Congo iko kwenye bei ya EAC?”

Lipa kwenye konti ya chuo, kamwe si ya mtu. Tangu benki zifungwe Goma na kisha Bukavu mwanzoni mwa 2025, wazazi wengi wanavusha makuta mpaka au wanayatuma kwa simu kupitia mikono ya watu. Tunaelewa, hakuna njia nyingine. Lakini mwishoni mwa njia hiyo sherti kuwe na bordereau ya benki yenye jina la chuo na namba ya mwanafunzi. Barua ya chuo inayosema “una nafasi ikiwa utatimiza masharti” bado si kukubaliwa. Isome hadi mstari wa mwisho, kwa sababu masharti yameandikwa huko.

Karatasi za huku zianze mapema. Diploma yenyewe inachelewa, wakati mwingine kwa miaka, na wengi wanasafiri na attestation. Chukua pia bulletin za miaka ya mwisho. Zote zitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri aliyeapishwa, na zile zinazoombwa na ubalozi zipitie wizara ya mambo ya inje. Fanya kopi nyingi, acha moja kwa shangazi au mjomba anayekaa mji mwingine. Tumeona familia zinakimbia vita na diploma zikabaki ndani ya nyumba.

Kuna karatasi moja ambayo karibu hakuna anayeiomba wakati wa kuondoka chuoni, nayo ndiyo inayotafutwa sana baadaye: mpango kamili wa masomo, somo kwa somo, na saa zake, wenye muhuri wa kitivo. Wanaochunguza diploma ya inje wanataka kuona mtu alisoma nini na kwa muda gani. Alama peke yake haziwaelezi. Iombe wiki ileile ya diploma, ukiwa bado unajua mlango wa sekretari na jina lake. Kuitafuta ukiwa Bunia, miaka miwili baadaye, ni safari nyingine ya mpakani, na huenda aliyekufahamu amekwisha kuhamishwa.